Petroli Inayobaki mu Jiwe



Wengi wetu tunawaza petroli inalala chini ya udongo kama maji mu kisima: mutu anatia bomba, anavuta mpaka kukauka. Haiko vile. Petroli inakaa ndani ya jiwe, mu vitundu vidogo ambavyo macho haioni, sawa vile maji inaingia mu tofali.

Mwanzo, nguvu ya chini yenyewe inaisukuma inje. Kisha nguvu ile inapunguka. Njo wanaingiza maji ao gazi kupitia kisima kingine, ili isukume petroli kuelekea kisima cha kuvutia. Lakini jiwe likiwa na mipasuko, maji inafuata mipasuko kwa sababu ni njia rahisi, na petroli ya pembeni inabaki. Pahali pengi duniani, zaidi ya nusu inabaki chini.

Maneno hii inatuhusu. Ku Muanda, inchi yetu inavuta petroli mu bahari tangu 1975. Mwaka 2022 serikali ilitangaza mnada wa vipande 27 vipya, vingine ku Tanganyika, jirani yetu. Mwezi wa 10 mwaka 2024 ikauvunja. Lakini hamu ya kufungua pahali papya haijaisha.

Sisi tunaona hivi: mbele ya kutoboa pahali papya, tupime kwanza kile kinachobaki mu visima vya zamani. Wengine watasema kazi ile ni ya bei kali na inaomba mashini na dawa. Ni kweli. Lakini hata kufungua pori ao ziwa kuna bei, na wenye kulipa ni wavuvi na wakulima.

Tutazame Terril yetu, ule mulima mweusi karibu na shemine ya Gécamines. Miaka mingi watu waliuona kuwa takataka. Tangu miaka ya 2000 kiwanda kinatoa kobalti ndani yake. Kobalti ilikuwa pale wakati wote. Kilichokosa ni akili na chombo cha kuitoa.

Akili ile itatoka wapi? Mu somo la jeolojia tunasinzia. Basi wageni watapima jiwe letu, watatuambia hesabu ya kile kinabaki, na sisi tutatia sahihi bila kujua kama ni kweli. Tuamuke. Na yule asiyekubali maoni yetu aandike, tutachapa barua yake.