Kabla hatujaota kupandikiza ini

Ukiwatajia vijana wa Dar jina la Ushongo, watakwambia habari za mchanga mweupe, kasa wanaotaga ufukweni na mashua ya kwenda kisiwa cha Maziwe. Safi kabisa. Lakini watu wa Ushongo wana maini pia, na leo nataka tuongelee hilo.

Hivi jamani, ini likimharibikia mtu wa pale inakuwaje? Macho yanageuka njano, tumbo linajaa maji, majirani wanaanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Akishazungushwa kwa waganga anavushwa mto Pangani, kisha kama kilomita 50 nyingine mpaka Hospitali ya Bombo, Tanga. Akichelewa hivyo, anafika ini limeshajaa makovu. Ndipo ukoo unaanza kuitaja India na kupitisha daftari la mchango.

Kupandikiza ini si mchezo. Daktari Thomas Starzl alijaribu kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1963, huko Denver, Marekani. Mgonjwa wake, mtoto mdogo, alifia mezani. Waliofuata nao hawakuishi mwezi. Akasimama, akarudi mwaka 1967, na safari hiyo akampata aliyeishi zaidi ya mwaka. Ilibidi ije dawa ya saiklosporini, miaka ya 1980, ndipo upasuaji huu ukawa tiba ya kutegemewa huko kwao.

Starzl namvulia kofia. Lakini hebu tupige hesabu: mtu wa kutoa ini, timu ya wapasuaji, chumba cha wagonjwa mahututi, na dawa za kuzuia mwili usilikatae ini, kila siku, maisha yote. Sisi figo yenyewe tumeanza kupandikiza Muhimbili mwaka 2017. Tena ini lililoharibiwa na virusi vya homa ya ini B ukilibadilisha bila kuvidhibiti virusi, vinalivamia na lile jipya!

Sasa kuna Mmarekani mwingine, Baruch Blumberg. Huyu hata ini hakuwa akilitafuta. Alikusanya damu za watu wa mataifa mbalimbali ajue kwa nini wengine huugua na wengine hawaugui. Katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia akakuta kitu kigeni, ambacho baadaye kilijulikana kuwa ni kipande cha virusi vya homa ya ini B. Akapata Nobel mwaka 1976. Kazi yake ndiyo iliyozaa chanjo, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1981. Kwa kuwa virusi hivi huleta saratani ya ini, ile sindano inazuia saratani.

Mkiniuliza kura yangu naipeleka wapi, naipeleka kwa Blumberg. Si kwamba wagonjwa wa leo watupwe. Ila chanjo inaweza kufika zahanati ya kijijini ndani ya kibaridi cha bega. Chumba cha upasuaji hakibebeki hivyo.

Tanzania iliingiza chanjo hii kwa watoto wachanga mwaka 2002. Maana yake wewe uliyezaliwa kabla ya hapo, shahada na ajira zako zote, huenda hujachanjwa hata leo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na virusi hivi, na wengi hawajijui. Ini halipigi kelele mapema. Na ukikutwa navyo dunia haijaisha: tenofovir, ile ile iliyomo kwenye vidonge vya kufubaza VVU, huvituliza.

Kuna jambo jingine la kuwauliza wanasiasa wetu. Chanjo ya pentavalenti huanza mtoto akiwa na wiki 6. Shirika hilo hilo linataka dozi ya kwanza ya homa ya ini B ndani ya saa 24 za kuzaliwa, kwa sababu mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Mtoto wa Ushongo aliyezaliwa usiku, mto uko mbele, saa 24 anazipata wapi kama dozi haipo pale pale anapozaliwa?

Basi kabla ya harusi ijayo na kamati zake, nenda kapime. Huna virusi? Chanja dozi 3 ndani ya miezi 6. Halafu niambie: wangapi ofisini kwenu wanajua hali ya maini yao?