Ordinatere ikikataa kuwaka, kuformate isiwe dawa ya kwanza

Leo hatutasema juu ya bei ya kobalti wala juu ya makamyo yenye inapanga mustari ku Kasumbalesa. Tunasema juu ya kintu kimoja chenye kiko mu manyumba mingi ya batumikaji wa mine, pembeni ya televizyo, kimefunikwa na kitambaa juu ya mavumbi: ordinatere ya zamani, ile nzito ya kuweka pa meza.

Yetu hapa Likasi ilipatikana hivi: kampuni moja ilibadilisha mashini za biro, ikauzisha zile za zamani kwa batumikaji. Baba wa lupango akachukua moja. Ina miaka zaidi ya kumi na tano. Mama anawekamo hesabu ya likelemba, batoto banacheza mule siku ya mungu, na tangu mwaka jana yaya wetu alikuwa anaandikia TFC yake mu mashini ile ile. Kurasa makumi sita na kitu. Ku kle? Hapana. Ku imeili? Hapana. Paka mu mashini.

Siku kumi mbele ya kurudisha kazi kwa profesere, kuran ikaenda. Siku mbili nzima, munajua delestaji yetu. Iliporudi, akafinya buto. Taa ikawaka, ventilatere ikazunguka, ekrani ikaandika maneno fulani ya Kingereza na kulomba kufinya F1. Akafinya. Alama ya Windows ikaanza kutokea, kisha ekrani ya bulu ikapita mbio sawa umeme wa mvua, na mashini ikaanza tena toka mwanzo. Mara tano, mara kumi. Yaya akakaa pa kitanda, hakukula.

Tukaita fundi mmoja wa hapa mujini. Hatumutaji, na zaidi ya vile si yeye peke yake. Akaangalia dakika mbili, akasema: "Windows imekufa. Tunaformate, dola makumi tatu na tano, kesho iko tayari." Tukamuuliza: na bitu biko ndani? Akajibu: "Ile itapotea, papa. Njo vile inakuwaga."

Njo vile inakuwaga! Neno lile njo lilitufanya tuandike.

Ile mangaribi jirani yetu mumoja akapita kuuliza habari. Ni elektrisie ku mine, alikuwa anatoka poste ya mchana, mabuti bado iko na matope. Yeye hakuuliza kama Windows imekufa. Aliuliza neno moja tu: "Saa ya mashini inaonyesha tarehe gani?" Tukafinya ile buto ya kuingilia mu BIOS, kwetu ni F2, ku mashini zingine ni Delete ao F10. Tarehe ilikuwa tarehe 1 ya mwezi wa kwanza 2009.

Akacheka. "Pile yake imekwisha," akasema. "Haiko mugonjwa, imesahau tu."

Hapa inafaa tueleze polepole, juu hii kitu inapata mashini mingi za umri ule. Ndani ya kisanduku, juu ya karte-mere, kuko pile moja ya muviringo sawa feza ya chuma. Jina lake ni CR2032: upana milimetre 20, unene milimetre 3 na kidogo, volti 3. Ile pile njo inachunga saa na mapango ya mashini wakati fishi haiko mu prizi. Mashini yenye inakaa na kuran kila siku haiitumie sana, na pile inaweza kuishi miaka mingi. Lakini kwetu, kwenye kuran inakwenda na kurudi paka vile inapenda, inachoka mbio. Ikichoka, mashini inarudia mapango ya fabrike. Na mapango ya fabrike haiko kila mara ile yenye Windows yako ilizoea. Ku mashini yetu, namna ya kuongea na diski ilikuwa AHCI siku Windows iliwekwa. Pile ilipokufa, ikarudia IDE. Windows ikaamuka, ikatafuta diski kwa njia yenye inajua, haikuiona, ikaanguka. Diski ilikuwa muzima. Windows ilikuwa muzima. TFC ilikuwa muzima.

Tukarudisha AHCI, tukarekebisha tarehe, tukafinya F10 ku BIOS ile juu ya kuchunga. Mashini ikafunguka. Yaya akalia, na hata kabla ya kupangusa machozi jirani akamupa kle: "Kopia mbele, utalia kisha." Pile mupya tulinunua kesho yake ku soko, bei yake haifiki dola moja.

Sasa tuseme mawazo yetu. Kuformate ni kazi ya mwisho, kisha kujua ugonjwa, na kisha kutosha bitu bya mwenye mashini. Fundi mwenye anaanza na kuformate ni sawa munganga mwenye anakata muguu mbele ya kuangalia kama ni muiba njo umeingia. Na mara mingi mashini inapona kabisa kisha kuformate, njo maana batu banamusifu. Hakuna mutu anajua kama ilikuwa pile ya franka kidogo.

Lakini tusiwe bongo. Tulienda kuongea na fundi yule, bila kugombana, na jibu lake lilitugusa. Alisema: "Nikiangalia mashini saa mbili, nikakuta ni pile, nikakuambia unipe dola kumi, utakubali? Utasema nimekuibia, juu pile ni dola moja. Nikiformate, unaona kazi, unalipa." Ana haki nusu. Sisi tunalipa kile macho inaona. Ku kazi yetu ya mine hakuna mutu anakataa kulipa diagnostiki ya kamyo ya tani mia, lakini mu nyumba tunataka bongo ya mutu ikuwe bure. Kwa hiyo tunaomba bintu viwili pamoja: sisi tukubali kulipa mutu juu ya kutafuta ugonjwa, hata kama dawa yake ni bei ndogo, na yeye aandike pa karatasi kile aliona, aulize "kuko nini mu diski?" mbele ya kugusa kitu, na aturudishie pyese ya zamani yenye ametosha. Ku garaje tunaifanya. Juu ya nini hapa hapana?

Na kuko jambo lingine. Shaba yenye inatoka chini ya miguu yetu inarudi kwetu mu nyaya za kisanduku kile. Batu bamoja bao hao benye banafungula motere kubwa kuliko nyumba, wakifika mu saloni banaogopa vizi nne za ordinatere. Ao banaifungula vibaya. Tumeona mutu wa mine, mwenye ku kazi hawezi kugusa mashini bila konsinyasyo, bila kuweka kadena yake na jina lake, anafungula ordinatere na fishi bado iko mu prizi! Konsinyasyo ni ile ile. Zima, tosha fishi, finya buto ya kuwasha mara moja ili kuran yenye ilibakia itoke, ngoja kidogo, gusa chuma ya kisanduku mbele ya kugusa ndani. Na ile sanduku ndogo ya alimantasyo, kwenye fishi inaingilia, usiifungule hata siku moja. Kondansatere zake zinaweza kuchunga volti 300 na zaidi hata kisha kutosha fishi. Ile inabadilishwa yote.

Kisha konsinyasyo, mashini yenyewe inakuambia kwenye uchungu uko, ukiiangalia vizuri. Ukifinya na hakuna hata taa moja, hakuna sauti, usifikiri diski wala Windows. Ugonjwa uko ku kuran. Jaribu prizi ingine, kamba ingine, angalia ile buto ndogo nyuma yenye alama ya O na I. Ku alimantasyo zingine za zamani kuko pia buto nyekundu ya 115 na 230. Hapa kwetu ni 230. Mutoto akiigeuza ku 115 na mukawasha, mutasikia mulio na arufu ya kuungua, na alimantasyo imekwenda. Kuran ikirudi kwa nguvu kisha delestaji inaua vilevile. Stabilizatere haiko bintu bya batajiri, na wenye hawana batoshe fishi wakati kuran imekwenda, bangoje dakika kumi kisha imerudi.

Kama taa na ventilatere viko, lakini ekrani iko nyeusi na mashini inapiga bip, bip: angalia mbele kama kamba ya ekrani imeingia vizuri (musicheke, ilitupata), kisha fikiri memwari. Hesabu ya bip inabadilika kufwatana na fabrike, usiamini mutu mwenye anasema bip tatu ni kitu kimoja kila mahali. Memwari ni ile barete ndefu ya kijani yenye meno ya rangi ya zahabu. Mavumbi yetu nyekundu ya Katanga, na unyevu wa mwezi wa kwanza, vinaweka uchafu pa meno ile. Tosha barete, chukua gome ya mwanafunzi, ile nyeupe ya laini, sugua meno polepole, pangusa, rudisha mpaka usikie "ka" ku pande zote mbili. Kama ziko mbili, jaribu moja moja. Tumeona mashini zenye zilikuwa zimeandikwa "karte-mere imekufa" zikifufuka na gome ya franka kidogo. Mavumbi yenyewe itoshe na brosi ya rangi, mupya na kavu. Hapana kitambaa ya mayi.

Ukifungula, tupa jicho pia ku zile kondansatere, sawa mapipa madogo karibu na prosesere. Kichwa chake kinapashwa kuwa sawa sahani, bapa. Kikiwa kimevimba ao kinatoa maji ya kahawia, njo ugonjwa huo. Mashini za mwanzo wa miaka ya 2000 ziliugua hiyo sana, juu kondansatere mingi za wakati ule zilitengenezwa vibaya. Hapo unahitaji mutu wa kusude, na mara mingi bei haifai tena.

Ya mwisho ni diski. Ikiwa mashini inasema haioni diski, na unasikia ndani "tak, tak, tak", zima. Usijaribu tena mara kumi sawa yaya wetu alifanya. Kila kujaribu kunaweza kukwangua zaidi. Kama hakuna mulio, tosha nyaya zake mbili na uzirudishe, juu mara zingine zimelegea tu. Na jueni hii: diski si mashini. Mashini inaweza kufa kabisa, diski ikabaki na bintu byote. Inatoshwa na vizi nne, inafungwa na kamba ya USB ku ordinatere ingine, na unakopia. Ao mutu mwenye kle ya Linux anaweza kuwasha mashini yako bila Windows na kutosha karatasi zako. Fundi mwenye hakuambie njia hizi mbili mbele ya kuformate, rudisha mashini yako nyumbani.

Tunaandika kwa uchungu kidogo, juu yaya wetu alipona, lakini mama mumoja wa avenyu ya nyuma hakupona. Bwana yake alitumika ku mine miaka makumi mbili na zaidi, akafariki. Mbele ya kufa alikuwa ameskani karatasi zake zote za kazi: kontra, fishi za mushahara, ile barua ya dekonti. Na picha za harusi ya binti yao, yenye yeye alikuwako. Karatasi zenyewe mvua ilizipata. Mashini ikakataa kuwaka, mama akaipeleka kwa fundi, akalipa, ikarudi inang'aa, na Windows mupya, na hakuna kitu ndani. Sasa, akienda kuuliza haki ya bwana yake, banamuambia alete karatasi.

Tulipata habari hiyo wiki iliyopita. Tulimuambia mama asiwashe tena ile mashini, hata kwa kuangalia tu, juu kuformate kwa haraka hakufuti yote, lakini kila kitu kipya kinachoandikwa pa diski kinaweza kufunika cha zamani. Windows mupya imekwisha kufunika sehemu fulani. Diski tumeitosha, iko mu kabati yake, imefungwa mu karatasi na jina la bwana yake. Siku ya mungu jirani wetu elektrisie hana poste. Atakuja na kamba ya USB na programu ya bure yenye inaitwa PhotoRec, na tutaona karatasi gani bado iko.