Gari la Fahari au la Faida?

Kijana wetu apatapo ajira na mkopo, hukabiliwa na swali: anunue Toyota 86 au Volkswagen Golf GTI? La kwanza, lililozinduliwa mwaka 2012, husukumwa na magurudumu ya nyuma. Yale ya mbele, kwa kuwa hayavuti gari, humtii dereva vyema kwenye kona. Raha hiyo siikanushi. Hata hivyo, lina milango miwili, na viti vya nyuma havimtoshi mtu mzima. La pili, ambalo asili yake ni mwaka 1976, huvutwa na magurudumu ya mbele. Lina kasi, nalo hubeba watu watano. Kona hupitwa kufumba na kufumbua. Mkopo hulipwa miaka. Siku ya kumpeleka mama hospitalini pamoja na ndugu wa kumwuguza, nani ataachwa nyumbani? Mwenye uwezo wa gari moja na achague lenye nafasi.