DAWA YA DENI NI KULIPA. DAWA YA UONGO NI IPI?

*TAARIFA YA KAMATI YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*



Tangu Jumapili kundi letu halilali. Mtu alituma humu picha ya ujumbe wa kausha damu ukimdai mama yetu mmoja, mjumbe wa shina, aliyejaza fomu ya kugombea utunza hazina wa tawi. Wapo waliocheka. Wapo waliosema aondolewe, kwa kuwa mwenye madeni hawezi kushika fedha za chama. Wengine wakajibu kwamba madeni ni mambo ya nyumbani kwa mtu na fomu isiyaulize kabisa.

Kamati inasema: *pande zote mbili mmekosea.* Someni hadi mwisho ndipo mjibu.

*1. Kwa mnaosema deni ni siri ya mtu*

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya 1995, inamtaka kiongozi atangaze kwa maandishi mali zake *na madeni yake*: ndani ya siku 30 baada ya kushika wadhifa, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka. Waziri anajaza. Mbunge anajaza. Sisi wa tawi ni nani hata tusiulizwe?

Sababu yake si umbea. Mtu anayebanwa na deni alilolificha ni rahisi kushikwa. Leo anakopeshwa, kesho anaombwa "kabarua kadogo tu", keshokutwa muhuri wa tawi uko mfukoni mwa mtu mwingine.

Wamarekani wanalijua hili kwa machungu. Aldrich Ames, ofisa wa shirika lao la ujasusi, CIA, alianza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985, na mwenyewe alieleza kwamba madeni ndiyo yaliyomsukuma. Wenzake waliiona nyumba aliyoinunua kwa fedha taslimu, wakaliona na gari lake la Jaguar, wakakawia kuuliza. Alipokamatwa mwaka 1994, watu wasiopungua 10 waliokuwa wakiisaidia nchi yake walikwishauawa. Kule, anayetaka kazi ya kushika siri za serikali hufanyiwa upekuzi na kujaza fomu ndefu: madeni yaliyomshinda, kodi asiyolipa, kama aliwahi kufilisika, miaka 7 nyuma.

*2. Kwa mnaosema mwenye deni aondolewe*

Wamarekani haohao hawamkatai mtu kwa kuwa anadaiwa tu. Wanauliza deni limetoka wapi. Alipoteza kazi? Aliuguliwa? Alifiwa, ndoa ilivunjika? Kisha wanauliza alifanya nini baada ya hapo. Aliyewatafuta wadai wake, akapanga malipo na kuyafuata, anaweza kupita. Aliyezima simu ana kazi ya kujieleza.

Lakini aliyeandika "sina" huku anajua anayo, hilo wanalihesabu kuwa kosa jingine, la uaminifu, hata kama deni lenyewe ni dogo. Akijisahihisha mwenyewe mapema, kabla hajabanwa, anasikilizwa. Akingoja afumwe, maneno yake yote yanatiliwa shaka.

Na tuulizane: nani kati yetu hadaiwi? Mwalimu anakatwa asilimia 15 ya mshahara kulipa Bodi ya Mikopo. Kijana wa bodaboda anapeleka hesabu ya pikipiki ya mkataba. Akina mama wana marejesho ya VICOBA kila wiki. Tukiwafuta wote hawa, tawi litabaki na watu wa aina mbili: wenye fedha na wenye kuficha.

Uongo wa kwenye fomu hauozi, unakaa kwenye faili. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwakuta watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wamefanya kazi miaka mingi, na huenda kazi yenyewe waliiweza. Hilo halikuwaokoa.

*3. Sasa turudi kwetu*

Mama mliyemcheka alilitaja deni lake kwenye fomu kwa mkono wake mwenyewe: kiasi, anayemdai, sababu (matibabu ya mume), na rejesho la kila wiki. Picha ile haikuifichulia Kamati kitu.

Mgombea mwingine wa nafasi hiyohiyo ameandika "SINA" kwa herufi kubwa. Daftari la tawi linaonyesha kwamba michango ya ujenzi wa ofisi aliyoikusanya katika mashina mawili haijafika. Huyo hakuna aliyemcheka. Huyo ndiye anayetununulia soda kila kikao.

Na Kamati isijifiche. Tuliliona jambo hili wiki mbili zilizopita tukanyamaza, tukimwonea haya mwenzetu. Tumekosea, tunaomba radhi.

*Tumeazimia:*

✅ Safu ya madeni inabaki kwenye fomu.
✅ Kila mgombea ana nafasi hadi Ijumaa saa 10 jioni kusahihisha fomu yake, bila adhabu wala maswali ya kumwaibisha.
✅ Baada ya hapo, atakayebainika kudanganya jina lake linakatwa. Aliyesema ukweli hakatwi kwa sababu ya deni. Atahojiwa jinsi anavyolilipa.
✅ Fomu zitasomwa na watu watatu tu wa kamati ndogo ya maadili. Hakuna kupiga picha.
✅ Aliyetuma picha ya mama yetu aifute leo na aende nyumbani kwake kumwomba radhi, akiwa na balozi wake.

Na ndugu yetu wa "SINA": mlango wa ofisi uko wazi hadi Ijumaa. Njoo na daftari, hata kama fedha hazijatimia.

*Imetolewa na Katibu Mwenezi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi.*
Mabalozi, wasomeeni wasio na simu.