Tujifunze Kiingereza: Kukitambua Kihusishi

Juma hili tulitazame neno "up". Katika sentensi "The soldier ran up the hill", neno hilo ni kihusishi. Laonyesha askari alikielekea kilele cha kilima. Lakini katika "The army called up the reserves", limeshikamana na kitenzi: askari wa akiba wameitwa kazini. Afasiriye neno moja moja atadhani wamepandishwa mahali!

Utatofautishaje? Lihamishe "up" nyuma ya nomino. "Called the reserves up" yakubalika. "Ran the hill up" haikubaliki kabisa. Lisipohamika, hapo ni kihusishi.

Watoto nyumbani wazijaribu hizi: "She looked up the road" na "She looked up the word".