Mkutano wa kampuni si kikao cha harusi

MSIMU wa alizeti mkoani Singida hauna subira. Kuanzia Mei mbegu huanza kuingia sokoni kutoka Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni, na mwenye mashine ya kukamua ambaye hana fedha mkononi wiki hizo atazinunua baadaye kwa bei ya juu, au atabaki akimtazama jirani yake akikamua. Ni katika wiki hizo hizo kampuni ndogo hugundua kwamba wakurugenzi wake wawili waliogombana ndio hao hao watia saini wa akaunti ya benki.

Benki haiamui ugomvi wa watu. Ikipokea barua mbili, moja ikisema mkurugenzi fulani ameondolewa na nyingine ikisema hajaondolewa, lililo salama kwake ni kuizuia akaunti mpaka iletewe azimio halali au amri ya mahakama. Mashine inasimama. Vibarua wanarudi nyumbani, wafugaji waliozoea kununua mashudu wanatafuta pengine, na mkulima aliyeacha magunia yake kwa mkopo anaambiwa asubiri wakubwa wamalizane.

Hapo swali linalobeba kila kitu ni moja tu: je, mkutano uliomwondoa yule mkurugenzi ulikuwa mkutano kweli?

Mara nyingi jibu ni hapana, na sababu inaanzia siku kampuni ilipozaliwa. Katiba hunakiliwa kutoka kampuni nyingine, majina yakabadilishwa, ikapelekwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), cheti kikarudi. Cheti kikatundikwa ukutani, katiba ikafungiwa kabatini. Ugomvi unapozuka, mkutano huitishwa kama kikao cha harusi: huyu anapigiwa simu, yule anaambiwa mnadani, mwingine anatumiwa salamu kwa shemeji yake, na watakaofika ndio watakaoamua. Kamati ya harusi inaweza kuendeshwa hivyo kwa kuwa hakuna anayeishtaki. Kampuni ina Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006, na sheria hiyo inataka taarifa ya mkutano mkuu wa mwaka itolewe kwa maandishi, siku zisizopungua 21 kabla. Taarifa fupi zaidi inawezekana, lakini kwa mkutano huo ni mpaka wanahisa wote wenye haki ya kuhudhuria na kupiga kura wakubali.

Wanaokosea zaidi katika hili ni wakubwa. Mwenye asilimia 70 ya hisa huona hana haja ya kumwita mwenye 30, maana kura atashinda tu. Ni kweli atashinda. Lakini mwenye 30 ana haki ya kufika, kuuliza hesabu za msimu uliopita na kujaribu kuwashawishi wenzake kabla mikono haijanyooshwa. Akinyimwa haki hiyo kwa makusudi, mwenye 70 anabaki na kura nyingi bila mkutano wa kuzipigia, na azimio lake linaweza kutenguliwa hata kama angeshinda mara kumi. Kumsahau mtu kwa bahati mbaya ni jambo jingine, na katiba nyingi husamehe kosa la aina hiyo. Kumsahau yule yule unayetaka kumwondoa ni vigumu mahakama ikaamini kuwa ni bahati mbaya.

Dawa yake ni ya bei ndogo mno kulinganisha na hasara. Barua moja yenye tarehe, mahali, saa na ajenda zilizotajwa waziwazi, na daftari la dispachi ambalo kila mwanahisa anasaini anapoipokea. Asiyepatikana atumiwe kwa anuani iliyo katika daftari la wanahisa, na risiti ya posta itunzwe. Ujumbe wa WhatsApp ni mzuri kwa kukumbushana, lakini mwenye kampuni asiutegemee peke yake kama katiba yake haisemi kwamba taarifa inaweza kutolewa hivyo.

Baada ya taarifa inakuja akidi. Mwaka 1876 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisikiliza shauri la kampuni ya mgodi huko Cornwall iliyoitisha mkutano akafika mwanahisa mmoja tu, pamoja na katibu. Mwanahisa huyo alikalia kiti cha mwenyekiti, akapitisha hesabu, akaamuru wenzake wachangie fedha zaidi, na mwisho akajipigia kura ya shukrani. Mwenzake mmoja alikataa kulipa. Majaji walisema mkutano maana yake ni kukutana kwa watu zaidi ya mmoja, hivyo mchango ule hakuwa na deni nao. Hukumu za huko hazizifungi mahakama za Tanzania, lakini sheria ya makampuni ya nchi hii imetokana na ya Waingereza na majaji huzisoma. Kumbukumbu za mikutano zilizoandikwa na mtu mmoja usiku, akazisaini mwenyewe kama mwenyekiti, hazitofautiani sana na kichekesho kile cha Cornwall.

Wadogo nao wana hila yao, ambayo ni kutohudhuria. Katiba ikisema akidi ni watu wawili na kampuni ina wanahisa wawili au watatu, anayejua atashindwa hukaa nyumbani na mkutano unavunjika. Hilo pia lina jibu. Katika shauri la El Sombrero la mwaka 1958, mtu mwenye hisa 900 kati ya 1,000 alikwamishwa na wakurugenzi wawili wenye hisa 50 kila mmoja waliokataa kufika ili akidi isitimie. Mahakama iliamuru mkutano uitishwe na mwanahisa mmoja atoshe. Sheria ya Tanzania nayo inaipa mahakama mamlaka ya kuamuru mkutano pale unaposhindikana kwa njia ya kawaida. Na wakurugenzi wasipotaka kuitisha mkutano kabisa, wanahisa wenye angalau moja ya kumi ya mtaji uliolipwa wenye haki ya kura wanaweza kuudai kwa maandishi. Siku 21 zikipita bila wakurugenzi kuanza kuuitisha, wadai wanaweza kuuitisha wenyewe.

Wapo watakaouliza: mkutano ukiwa halali kwa kila hatua, je, mdogo amekwisha? Hapana. Katika shauri la Ebrahimi lililoamuliwa Uingereza mwaka 1972, wauza mazulia wawili waliokuwa wabia kwa miaka mingi walianzisha kampuni, mmoja akamwingiza mwanawe, kisha baba na mwana wakampigia kura mwenzao akatoka kwenye ukurugenzi. Kura ilikuwa halali. Lakini faida ya kampuni ile ilikuwa ikilipwa kama mishahara ya wakurugenzi, wala si gawio, hivyo aliyetolewa alibaki na hisa zisizomlisha. Mahakama iliamuru kampuni ivunjwe. Kampuni nyingi za familia na marafiki, ziwe za kukamua mafuta au za kununua vitunguu, huendeshwa hivyo hivyo: hakuna gawio, kuna posho ya kila mwezi. Tanzania, kifungu cha 233 cha Sheria ya Makampuni kinamruhusu mwanahisa anayeonewa kwenda Mahakama Kuu, na mahakama inaweza kuamuru hisa zake zinunuliwe, pasipo kulazimika kuiua kampuni.

Ila mahakama ni njia ndefu. Kwa miaka mingi mashauri ya Mahakama Kuu kutoka Singida yalisikilizwa Dodoma, na nauli ya mashahidi peke yake ni gharama. Kwa wenye fedha nyingi zaidi mfano upo: mgogoro wa wanahisa wawili wa IPTL, VIP Engineering yenye asilimia 30 na Mechmar ya Malaysia yenye 70, ulifikishwa mahakamani mwaka 2002 na mwaka 2013 ulikuwa bado unatafutiwa mwisho. Kampuni yenye mashine moja haiwezi kusubiri misimu 11.

Jambo moja husahaulika mpaka msiba utokee. Mwanahisa akifariki, mtoto wake mkubwa hawi mwanahisa kwa kuketi kwenye kiti cha baba. Anayezishika hisa ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na jina lazima liingizwe katika daftari la wanahisa ndipo kura ipigwe bila ubishi. Mikutano inayofanyika katikati, familia ikiwa imewakilishwa na yeyote aliyepata nafasi, ndiyo huzaa kesi miaka mitano baadaye.

Vikundi vya wakulima vinavyoshawishiwa kusajili kampuni vinapaswa pia kujua tofauti yake na ushirika. Katika ushirika mwenye magunia mawili na mwenye mia mbili wana kura moja kila mmoja. Katika kampuni kura ya mikono huhesabu watu, lakini ikidaiwa kura ya hisa, kinachohesabiwa ni hisa, na wanakijiji 30 wenye hisa moja moja wanaweza kushindwa na mfanyabiashara mmoja aliyeleta mashine na kuandikiwa hisa 60.

Kwa wawili wanaotaka kugawana nusu kwa nusu, mpango ambao kwa kweli ni hatari kuliko unavyoonekana, katiba iseme mapema nini kitatokea wakikwama: nani ana haki ya kwanza kumnunua mwenzake, nani atathamini, na thamani ipigwe tarehe gani. Tarehe ndiyo yenye mgogoro. Kampuni ya kukamua inayothaminiwa Julai, stoo ikiwa imejaa mbegu na madeni ya wakulima hayajaingizwa vitabuni, si kampuni ile ile itakayothaminiwa Februari.