Pompe ya esansi: upime kwanza

Unajua tabia ya gari ya zamani katika njia ya Kasongo na Kabambare. Kwenye tambarare inaenda vizuri. Kwenye mupando inakohoa, inazimika. Shoferi anangoja kidogo, inawaka tena. Fundi anasema: "Pompe imekufa, lete feza." Pengine anasema kweli. Lakini pompe mupya inatoka mbali, na feza hiyo ndiyo ya masomo ya watoto. Usitoe hata franga moja mbele ya kupima.

Anza na vitu vya bei ndogo. Esansi yetu inauzwa kwa chupa na bidoni, na mara nyingi ndani muko maji na uchafu. Filtiri ikiziba, gari inaonyesha ugonjwa ule ule. Tuyo ikipasuka, pompe inavuta hewa tu. Ulegeze kifuniko cha tangi: gari ikipona, ni tundu lake la hewa lililoziba.

Kisha, motere ikiwa baridi, na pasipo sigara wala taa ya moto karibu, chomoa tuyo inapoingia katika karburateri, uielekeze ndani ya chupa. Toa waya mudogo unaoleta umeme kwa bobine, mwenzako azungushe demareri. Esansi ikiruka kwa nguvu, pap, pap, pompe ni nzima. Ikitoa machozi tu, na njia ya kutoka kwenye tangi iko wazi, basi mugonjwa ni yeye. Ukisikia harufu ya esansi ndani ya mafuta ya motere, utando wa mupira umepasuka: utabadilisha na mafuta pia.

Kazi yenyewe si kubwa. Kwa gari nyingi ni buloni mbili. Weka alama kwenye tuyo, ya kuingia na ya kutoka. Tia juenti mupya. Mukono wa pompe ukikataa kukaa, usiulazimishe, zungusha motere kidogo kwanza.

(Gari ya enjeksio ni habari nyingine: pompe yake ni ya umeme, na tuyo ina presha kali.)

Vijana, wengine wanafunga bidoni juu ya paa, esansi ishuke yenyewe mpaka karburateri. Gari inatembea, ndiyo, lakini mama na watoto wanaketi chini ya moto. Tuyo ikichomoka, esansi inamwangika juu ya motere yenye kuchoma. Tena musimupe mutoto kunyonya tuyo kwa kinywa: esansi ikiingia katika mapafu inaweza kumuua. Akiimeza, musimulazimishe kutapika, mumupeleke hospitali mara moja.